Mbwa arukiaye watu hufunzwa na watu, na ni watu watakaomwachisha

LANGO la ploti linapofunguliwa jioni mtaani Dandora, jijini Nairobi, mara nyingi wa kwanza kumlaki anayeingia si mtoto wala jirani, bali ni mbwa. Huchomoka pembeni alikokuwa amejilaza, akainua miguu ya mbele na kuitua kifuani mwa mgeni. Mwenye mbwa hucheka na kusema, "Hana neno huyo, anakusalimu tu." Lakini aliyesalimiwa ameshikilia ukuta asianguke, sare ya shule ya mtoto aliyeandamana naye imejaa alama za matope, na mtoto mwenyewe anapiga mayowe.

Kisa hiki ni cha kila siku, na kwa hivyo wengi hukiona kuwa kero ndogo tu. Kero ndogo hiyo ina matokeo makubwa. Mchubuko mmoja wa kucha katika shavu la mtoto unatosha kumpeleka hospitalini kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa, kuvunja ujirani wa miaka mingi, na kumtia mbwa mwenyewe katika hatari ya kupigwa mawe au kulishwa sumu.

Hata hivyo, tabia hii huondoka bila kiboko na bila gharama ya kutajika, kwa dakika chache za mafunzo kila siku. Sharti lake ni moja: wote wanaoishi ndani ya lango moja wawe na kauli moja.

LANGO MOJA, WATU WENGI

Dandora ilianzishwa katika miaka ya 1970 kwa mradi uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja takriban 6,000 viligawiwa wananchi wa mapato ya chini. Kila aliyebahatika alikabidhiwa kiwanja chenye maji, choo na bafu, kisha akajiongezea vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Vyumba hivyo vilizunguka ua wa pamoja, na vingine vikakodishwa kwa wapangaji. Ingawa ploti nyingi zimegeuka kuwa majumba ya ghorofa, maisha ya ua mmoja hayajatoweka. Watu hushiriki lango, bomba la maji na kamba za kuanikia nguo, na watoto huchezea hapo hapo.

Mbwa anayeishi katika boma pana lenye ua wa michongoma huenda akakutana na mgeni mmoja au wawili kwa siku. Mbwa wa ploti ya Dandora hukutana na makumi ya watu: mpangaji anayetoka kazini, mchuuzi wa maji na mkokoteni wake, mama mboga, fundi wa umeme, wanafunzi wanaorejea nyumbani. Kila mmoja humpokea kwa namna yake. Huyu humpapasa kichwa, yule humpiga teke, wa tatu hukimbia, wa nne humtupia kipande cha chapati. Mbwa huyo ana walimu wengi, na kila mwalimu ana somo lake.

Zaidi ya hayo, mbwa wengi wa mitaa hii hufungwa kwa mnyororo mchana kutwa na kufunguliwa usiku walinde nyumba. Mnyama aliyefungwa kwa saa nyingi bila kutembea wala kucheza hulimbikiza nguvu. Akifunguliwa au akimwona mtu anayemfahamu, furaha hiyo hufumka yote kwa mara moja, na njia anayoijua ya kuionyesha ni kuruka.

KWA NINI MBWA HURUKA

Asili ya tabia hii ni ya kale na haina ubaya. Watoto wa mbwa, sawa na watoto wa mbwamwitu walio nasaba moja nao, hulamba midomo ya mama na wakubwa wao wanaporejea kutoka mawindoni. Miongoni mwa mbwamwitu, kulambwa huko humfanya mkubwa atapike sehemu ya chakula alichokula ili wadogo wale. Kulamba uso wa mkubwa, basi, ni salamu, ni heshima na ni ombi. Uso wa mwanadamu uko juu, naye mbwa akitaka kuufikia hana budi kuruka.

Hiyo ndiyo chemchemi ya tabia yenyewe, lakini kinachoikuza ni malipo. Mwaka 1898 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alieleza majaribio aliyofanya kwa paka waliofungiwa katika vitunga vyenye vitasa. Aligundua kwamba kitendo kinachomletea mnyama matokeo mazuri hurudiwa, na kile kisichomletea faida hufifia. Mwenzake wa baadaye, B. F. Skinner, aliipanua kanuni hiyo katika karne ya 20, na hadi leo ndiyo msingi wa mafunzo ya wanyama kote duniani.

Malipo anayoyataka mbwa anayeruka si chakula peke yake. Anachokitafuta ni kuangaliwa, kusemeshwa na kuguswa. Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu anayemsukuma mbwa kwa mikono huku akipaza sauti "Toka! Shuka!" hudhani anamkanya. Mbwa kwa upande wake ameguswa, ametazamwa na amesemeshwa, yote matatu kwa pamoja, na kusukumwa kwenyewe amekuhesabu kuwa mchezo. Kesho ataruka juu zaidi.

Wahenga walisema, ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Methali hiyo hutumiwa kuonya dhidi ya mazoea yasiyo na mipaka, lakini hata kwa maana yake ya wazi ina ukweli kamili. Mtoto wa mbwa wa kilo mbili anayerukia magoti huchekesha, naye hubebwa na kubembelezwa. Baada ya mwaka mmoja ana kilo 20 au zaidi na bado anafanya kile kile alichosifiwa. Hakubadilika yeye. Waliobadilika ni wale waliomsifu jana na leo wanamchapa kwa jambo hilo hilo.

HATARI ILIYOFICHIKA KATIKA SALAMU

Uso wa mtoto wa miaka minne uko karibu sawa na mdomo wa mbwa aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Mtoto huyo akiangushwa kwenye saruji, au kucha zikamparura karibu na jicho, maelezo kwamba mbwa alikuwa akicheza hayampunguzii mzazi uchungu. Wazee na akina mama wajawazito nao wamo katika hatari ya kuangushwa.

Hatari kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kwamba maradhi haya huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba takriban asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza, kupona ni nadra mno.

Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika mate. Kwa sababu hiyo, mwongozo wa WHO hauhusu kuumwa pekee. Mparuro mdogo usiotoa damu kutoka kwa mnyama anayeshukiwa ni sababu ya kupewa chanjo. Mparuro uliopenya ngozi, au mate yaliyogusa jeraha, huhitaji chanjo pamoja na dawa maalumu ya kingamwili. Chanjo hiyo hutolewa kwa awamu katika siku tofauti, na kila awamu humaanisha nauli, foleni na siku ya kazi iliyopotea.

Aliyeumwa au kuparurwa anapaswa kuosha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha afike hospitalini bila kusubiri kuona kama mbwa ataugua. Mbwa mwenyewe, ikiwezekana, afungiwe na achunguzwe kwa siku 10. Akiwa bado mzima baada ya muda huo, daktari anaweza kuamua kusitisha matibabu. Mwenye mbwa aliye na cheti cha chanjo humwondolea jirani yake hofu kubwa, ingawa cheti hicho hakichukui nafasi ya ushauri wa daktari.

Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kitaifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa kinachoua binadamu kufikia mwaka 2030. Nguzo yake kuu ni kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Katika mtaa unaopakana na jaa la Dandora, lililoanza kutumiwa katika miaka ya 1970 na ambako mbwa wasio na wenyewe hujitafutia chakula, mbwa wa nyumbani anayetoka nje usiku huweza kukutana na mbwa wengine asiojulikana hali yao. Chanjo ya kila mwaka ni wajibu wa kwanza wa mfugaji, hata kabla ya somo la kwanza la adabu.

Lipo pia suala la dini. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito inayooshwa mara saba, moja kati ya hizo ikiwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Jirani aliyekwisha kutawadha na kuvaa kanzu yake kuelekea sala ya Ijumaa, akirukiwa na kulambwa langoni, hakuchezewa, ameharibiwa ibada. Mfugaji mwenye heshima huliona hilo bila kuambiwa.

HATUA ZA MAFUNZO

Hatua ya kwanza ni kuyakata malipo. Mbwa anaporuka, anayerukiwa asimwangalie, asimsemeshe na asimguse. Akunje mikono kifuani, ageuke ampe mgongo na asimame kimya. Mbwa akizunguka kumfuata, ageuke tena. Akiendelea, mtu huyo atoke na kufunga mlango kwa muda mfupi. Ujumbe unaomfikia mbwa ni kwamba kuruka humfukuza mtu anayempenda.

Hatua ya pili huenda sambamba na ya kwanza, nayo ndiyo husahauliwa na wengi: kumlipa anapofanya vyema. Mara tu miguu yote minne inapogusa ardhi, hata kwa muda wa kupepesa jicho, asifiwe kwa sauti ya upole na apewe kitu. Si lazima kununua vyakula vya dukani. Kichwa cha omena, kipande cha utumbo uliochemshwa kisichozidi punje ya hindi, au kijipande cha ukoko wa ugali kinatosha. Kiwekwe chini, karibu na miguu yake, kwani ukikishikilia juu unamwita aruke. Malipo yafike papo hapo, kabla ya sekunde moja au mbili kupita. Yakichelewa, mbwa hatajua analipwa kwa lipi.

Hatua ya tatu ni kumfunza tendo asiloweza kulifanya pamoja na kuruka, nalo ni kukaa. Somo hili lianzie mahali patulivu, si langoni. Chakula kisogezwe kutoka puani mwake kuelekea nyuma ya kichwa polepole. Akikiandama kwa macho, makalio yake hushuka yenyewe. Yakigusa chini, apewe. Baada ya kurudia mara kadhaa kwa siku chache, neno moja liongezwe, "Kaa", na liwe hilo hilo kwa kila mtu. Mmoja akisema "Kaa", mwingine "Keti" na wa tatu "Tulia", mbwa atachanganyikiwa.

Hatua ya nne ni mazoezi ya mgeni. Mbwa afungwe kwa kamba katika nguzo, na mtu amwendee kwa mwendo wa kawaida. Akiruka, mtu arudi nyuma hatua tatu. Akikaa au kusimama kwa utulivu, mtu asonge mbele. Akifikiwa angali ametulia, apapaswe kifuani au ubavuni badala ya kichwani. Katika muda wa dakika chache mbwa hugundua kwamba ufunguo wa kumleta mtu karibu ni utulivu wake mwenyewe.

Hatua ya tano ni lango, kwa kuwa ndipo msisimko unapofikia kilele. Mwenye mbwa atoke na kuingia mara 10 mfululizo. Mara ya kwanza mbwa ataruka kama aliyeona muujiza. Kufikia mara ya nane, kuingia huko kutakuwa jambo la kawaida, naye atapata nafasi ya kufikiri na kukumbuka kukaa.

Vipindi vya dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, vina faida kuliko kipindi kimoja cha saa nzima. Vitanguliwe na matembezi kwa kamba au mchezo, maana mbwa aliyechoka kidogo husikia zaidi.

HALI HUWA MBAYA KABLA YA KUTENGEMAA

Wengi hukata tamaa katika siku za mwanzo kwa sababu mbwa huzidisha kuruka. Hilo ni jambo la kutarajiwa. Mtu aliyezoea kufunguliwa lango kwa kubisha mara moja, siku asipofunguliwa haondoki. Kwanza hubisha kwa nguvu zaidi. Mbwa naye hubisha kwa nguvu. Anayesalimu amri wakati huo na kumpapasa ili anyamaze humfunza kwamba ubishi hulipa.

Hapo ndipo umoja wa ploti unapohitajika. Tabia inayolipwa mara moja moja huwa ngumu kuondoka kuliko inayolipwa kila mara. Mashine za kamari zilizosambaa mitaani hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: mchezaji haachi kwa sababu hajui ni lini itatoa. Wapangaji tisa wakimpuuza mbwa anaporuka, na wa kumi akampokea kwa kumkumbatia kila jioni, mbwa atawarukia wote kumi akitumaini kuwa leo ndiyo siku yake. Mwenye mbwa, basi, azungumze na majirani, awaonyeshe la kufanya, na awaombe kwa unyenyekevu. Pale ambapo mwenye nyumba au kamati ya ua huitisha mikutano ya usafi na usalama, suala la mbwa lingefaa kuwa miongoni mwa ajenda.

Watoto wanahitaji somo lao. Mbwa humfuata anayekimbia na husisimkwa na mayowe. Mtoto afunzwe kusimama kama mti: miguu pamoja, mikono imekunjwa, macho yakitazama chini, mdomo umefungwa. Asimsogelee mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha, wala asimchokoze aliyefungwa. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata yule wa nyumbani anayeaminika.

KIBOKO SI MWALIMU

Desturi ya kumkanyaga mbwa miguu ya nyuma, kumpiga goti kifuani au kumchapa fimbo kila anaporuka bado ipo. Hata pale inapoonekana kufaulu, humfunza mbwa jambo jingine, kwamba mtu anayekaribia ni hatari. Aliyeruka kwa furaha leo anaweza kuuma kwa hofu kesho, na mbwa anayeuma kwa hofu ni hatari kuliko yule anayechafua nguo. Isitoshe, kumpiga na kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya.

Wapo pia wanaohofia kwamba mbwa akifunzwa adabu hatalinda nyumba. Hofu hiyo haina msingi. Kuruka juu ya mpangaji mwenye ufunguo hakumzuii mwizi, na mbwa anayemrukia kila mtu kwa furaha huweza kumrukia mwizi kwa furaha vile vile. Kubweka usiku asikiapo kishindo ni tabia nyingine kabisa, nayo haiguswi na somo la kukaa. Mbwa wa polisi, na wale wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) wanaonusa pembe za ndovu katika viwanja vya ndege na bandarini, ni watiifu kabla ya kuwa wakali, na malipo ya wengi wao ni mpira wa kuchezea.

Ni lazima kutofautisha salamu na uadui. Mbwa anayesalimu hulegeza mwili, hutikisa mkia pamoja na makalio na hulainisha masikio. Yule aliyekakamaa mwili, akakaza macho, akasimamisha manyoya ya mgongo na kunguruma, hasalimu. Huyo afungwe mahali salama na daktari wa mifugo ahusishwe. Vilevile, mbwa aliyebadilika ghafla, akadondokwa na mate, akashindwa kumeza au kuuma vitu ovyo, asiguswe na mtu. Maafisa wa mifugo waarifiwe mara moja.

MBWA HULIPA KOSA LA MWENYEWE

Mbwa aliyeshindikana mtaani hana mwisho mwema. Baadhi hutupwa karibu na jaa na kuongeza idadi ya mbwa koko. Wengine hutiliwa sumu usiku na jirani aliyechoka kulalamika. Shirika la KSPCA, lenye makao Karen, Nairobi, hupokea wanyama waliotupwa na kuwatafutia makao mapya, lakini nafasi haiwezi kuwatosha wote.

Samaki hukunjwa angali mbichi, na mbwa mdogo aliyefunzwa kukaa asalimiapo hatahitaji kuachishwa lolote ukubwani. Mbwa mzee naye hujifunza, ila huhitaji wiki zaidi na subira zaidi, kwa kuwa amelipwa kwa muda mrefu kwa kosa lile lile. Kazi yenyewe inaweza kuanza jioni ya leo, lango litakapofunguliwa: kipande cha omena mfukoni, mikono kifuani, na kungoja miguu minne iguse chini.